Jeki Iliyo Ndani ya Buti: Itakufaa Siku ya Pancha?

Juma hili naomba tuliache jiko kwa muda, tutoke uani, tufungue buti ya gari. Siku hizi nyumba nyingi, hata zile za kambini na za kota za polisi, zina gari dogo lililopatikana kwa mkopo wa chama cha akiba. Gari hilo huoshwa kila Jumamosi, viti vyake hufunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na watoto hukatazwa kula miwa ndani yake. Lakini mwulize mwenyewe jeki yake ni ya namna gani, huinua uzito gani, na mara ya mwisho aliijaribu lini. Aghalabu atakujibu neno moja tu: "Ipo."

Kuwapo hakutoshi. Mengi ya magari yetu ni mitumba kutoka Japani, yashukayo Mombasa na kupita mikono miwili mitatu kabla ya kutufikia. Katika safari hiyo ndefu jeki ya asili huwa imekwisha kupotea, na badala yake huwekwa yoyote iliyopatikana. Wengine wamekuta jeki pasipo mpini. Wengine wamekuta kila kitu ila spea tairi yenyewe, maana baadhi ya magari mapya hayaji nayo tena, bali huja na chupa ya dawa ya kuziba tundu na kipampu cha umeme. Dawa hiyo yaweza kuziba tundu la msumari. Tairi lililopasuka ubavuni haiwezi kulisaidia hata kidogo.

Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, na kazi yangu sasa ni ya ofisi ya elimu, kukagua shule. Somo hili la jeki nilifundishwa barabarani, na karo yake alilipa mtu mwingine.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, katika barabara kuu ya kutoka Kampala kwenda Gulu, kati ya Nakasongola na mto Kafu. Tulikuwa katika Land Rover ya zamani ya ofisi, tukienda Masindi kwenye mkutano wa saa nne asubuhi, nasi tulikuwa tumekwisha chelewa. Dereva wetu alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu, mtu wa taratibu na maneno machache. Tairi la nyuma, upande wa kushoto, likaisha upepo. Mzee alitoa gari nje ya lami, akalisimamisha penye mteremko mdogo juu ya marumu laini, akavuta breki ya mkono hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Mwalimu, naomba unitafutie jiwe la kuzuia gurudumu la mbele."

Nilikuwa nikiongea kwa simu na watu wa mkutano. Nilitazama huku na huku, nikaokota jiwe la ukubwa wa ngumi, nikalitupa mbele ya gurudumu, nikaendelea na simu yangu. Tena nilimhimiza. Nakumbuka maneno yangu vizuri: "Mzee, fanya upesi, watu wanatungoja."

Aliinua gari, akafungua nati, akatoa gurudumu bovu. Alipokuwa amelibeba spea tairi akilielekeza kwenye skrubu zake, lori moja refu la mizigo lilipita kwa kasi. Barabara ile hupitwa na malori mengi yaelekeayo kaskazini na Sudan Kusini, na kila linalopita huacha nyuma yake upepo unaotikisa gari lililosimama. Land Rover ilitikisika, ikasogea mbele. Lile jiwe langu lilizama katika marumu kama mtu anayepiga magoti. Jeki ikalala chali, ekseli ikaanguka, na vidole viwili vya mkono wa kulia wa mzee vikabaki kati ya rimu na dramu ya breki.

Watu wa lori lililofuata walisimama, wakatusaidia kuinua gari kwa jeki yao. Mzee aliokoa mkono. Ncha za vidole viwili hakuziokoa.

Nilipomtembelea hospitalini nilimwuliza swali la kijinga: breki ya mkono ilikuwa imevutwa, mbona gari lilisogea? Akanieleza akiwa amelala, mkono umefungwa bandeji nyeupe, kwa upole kana kwamba mimi ndimi mgonjwa. Katika Land Rover za zamani, na hata katika Defender za muundo ule wa kale ambazo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2016, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti itokayo kwenye boksi la gia kwenda nyuma. Shafti ikishikwa, magurudumu yote mawili ya nyuma hushikika ilimradi yote yamekanyaga ardhi. Inua moja hewani, na difu iliyo katikati yao, ambayo kazi yake ni kuyaruhusu kwenda kwa mwendo tofauti penye kona, italiacha lile la hewani lizunguke kinyumenyume huku lile la chini likizunguka mbele. Shafti imesimama, breki haijalegea, na gari linakwenda zake.

"Uliyajua haya, mzee?" nikamwuliza.

"Nimeyajua tangu ujana wangu jeshini, Mwalimu. Ilinipasa kuingiza gia ya magurudumu manne, ili na ya mbele yashikwe. Lakini tulikuwa na haraka."

Alisema "tulikuwa". Haraka ilikuwa yangu.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu Land Rover za namna hii bado zipo katika idara, misheni na mashamba, na vijana wanaokabidhiwa leo hawakulelewa nazo. Katika Defender hizo hufungwa difu ya katikati kabla ya kuinua, na katika zile zilizozitangulia huingizwa magurudumu manne. Hata hivyo kabari haiachwi. Na wewe mwenye gari dogo la otomatiki usidhani jambo hili halikuhusu. Kuweka gia kwenye P hufunga mashine ya gia tu. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ukiinua gurudumu moja la mbele, P yako haikuzuii tena, kwa sababu ileile ya difu. Kinachokuzuia hapo ni breki ya mkono inayoshika magurudumu ya nyuma. Wako madereva ambao tangu wanunue gari hawajawahi kuigusa breki hiyo, wakitegemea P peke yake. Siku ya pancha ya mbele, penye mteremko, watajua.

Sasa tuje kwenye jeki zenyewe. Zile ambazo msomaji atazikuta madukani ni za aina tatu nne, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni jeki ya mkasi, ile yenye miguu minne inayokunjuka kwa kuzungusha skrubu ndefu. Magari mengi madogo hutoka nayo kiwandani. Sifa yake kubwa ni kwamba ikikunjwa huwa fupi, hivi kwamba hupita chini ya gari hata tairi likiwa halina upepo kabisa. Sifa ya pili ni kwamba haina mafuta ya kuvuja, kwa hiyo haishuki yenyewe polepole. Ubaya wake ni kitako chembamba, na kwamba huyumba ikisukumwa ubavuni. Ukiinunua, ishike kwa mikono miwili ujaribu kuipinda kushoto na kulia. Ikichezacheza kwenye misumari yake, irudishe. Tazama pia meno ya skrubu: yawe mazima, yasiwe yameliwa. Kichwa chake kiwe na mfereji unaoingiana na ule ukingo wa bati ulio chini ya mlango wa gari lako. Ukingo huo, karibu na magurudumu, huwa na alama mbili ndogo au sehemu iliyoimarishwa, na hapo ndipo pa jeki. Mahali pengine popote bati litapinda, au jeki itateleza.

Ya pili ni jeki ya chupa, iliyopewa jina hilo kwa umbo lake. Hii hufanya kazi kwa mafuta. Kipampu chembamba husukuma mafuta machache machache chini ya bastola nene, na nguvu ndogo ya mkono hugeuka kuwa nguvu kubwa ya kuinua. Kanuni hiyo iliandikwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, nasi tulioisomea sayansi ya shule tumeikariri bila kufikiri kwamba siku moja tutaitegemea kando ya barabara. Jeki hii ina nguvu, haichoshi, na mwanamke au kijana wa kidato cha pili aweza kuinua nayo gari zito. Ndiyo ifaayo Land Cruiser, Hiace na malori, kwa kuwa hayo yako juu na yana ekseli au chesisi imara ya kuisimamishia.

Lakini wengi huinunulia gari dogo kwa kuvutiwa na nguvu zake, na hapo ndipo huumbuka. Jeki ya chupa ya tani 2, hata ikiwa imeshushwa kabisa, yaweza kuwa na kimo cha sentimita 18 au zaidi. Gari dogo lililosimama juu ya tairi lililokwisha upepo laweza kuwa chini ya kimo hicho. Utakuwa na jeki iwezayo kuinua magari mawili, nayo haiingii chini ya moja.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, pima. Jumamosi moja, uani, penye sakafu ngumu, toa upepo katika tairi moja hadi rimu iketi, kisha pima kwa rula kutoka chini hadi mahali pa kuwekea jeki. Hicho ndicho kimo ambacho jeki yako isikivuke ikiwa imeshushwa. Kisha ujue pia itahitaji kufika juu kiasi gani. Watu husahau kwamba ukiinua gari kwa bodi, springi hunyooka na gurudumu huning'inia, hivyo bodi hupanda sana kabla tairi halijaachana na ardhi. Ukiinua kwa ekseli, safari ya jeki ni fupi. Tena gurudumu zima, lililojaa upepo, huhitaji nafasi kubwa kuliko lile bovu ulilolitoa. Nimeona mtu akichimba shimo kwa panga chini ya gurudumu ili spea iingie, kwa sababu jeki yake ilikuwa imefika mwisho. Wengine hukamilisha kimo kwa kuweka tofali juu ya jeki. Tofali hupasuka bila kutoa ishara. Kama kimo kimepungua, ongeza ubao chini ya jeki, usiongeze kitu juu yake.

Habari ya uzito haina haja ya kututisha. Gari dogo la familia, mfano wa Toyota Premio, lina kilo 1,200 hivi, na ukiinua pembe moja jeki hubeba sehemu tu ya uzito huo. Hata hivyo mimi hupenda jeki ambayo tani zake zilizopigwa chapa zinalingana na gari zima au kuzidi, kwa sababu gari la safari halisafiri tupu. Kuna magunia ya ndizi na mizigo ya shangazi, na wakati mwingine shangazi mwenyewe. Land Cruiser ya kazi huzidi tani 2 kabla hajapanda mtu, na ikipakiwa askari na vifaa vyao hukaribia tani 3 au kuzivuka. Hiyo ipewe jeki ya tani 4 au 5, yenye kitako kipana. Jeki isiyo na chapa yoyote ya uzito, hata iwe imepakwa rangi nyekundu ya kupendeza, iache hapo dukani.

Ukichagua ya mafuta, ikague kama ukaguavyo sufuria ya mtumba. Pangusa kitako kwa kidole: penye unyevu wa mafuta, sili imechoka. Bastola iwe inang'aa, isiwe na kutu wala mikwaruzo. Mwombe mwenye duka aiinulie kitu kizito, kisha mzungumze habari nyingine kwa robo saa, na mkirudi kutazama iwe palepale. Hakikisha mpini wake umo, na kwamba ncha ya mpini huo inaingia katika vali ya kushushia. Nyumbani isilazwe, bali ifungwe wima ndani ya buti kwa ukanda wa mpira, vali ikiwa imefungwa. Ikipungukiwa mafuta, iongezwe mafuta ya jeki. Wako wanaojaza mafuta ya breki kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu, nayo huzila sili zake zikavimba na kulegea.

Kuna tena ile jeki ndefu ya chuma, yenye mlingoti wa matundu, ambayo imekuwa ikitengenezwa Marekani tangu mwaka 1905. Wanajeshi na watu wa mbuga za wanyama wanaipenda, na ni haki yao, maana huvua gari matopeni. Kwa kubadilisha tairi kando ya lami siipendekezi kwa familia. Husimama kama mtu wa mguu mmoja, haiwezi kushika gari dogo lisilo na bampa ya chuma, na mpini wake ukiponyoka wakati wa kushusha hurudi juu kwa nguvu iwezayo kuvunja taya. Wanaoitumia waufunge mpini mlingotini pindi gari likisimama juu, wala wasiinamishe kichwa juu yake. Jeki za magurudumu, zile za gereji, ni nzuri mno juu ya saruji na hazifai kitu juu ya marumu. Za umeme, zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, zinapunguza jasho, ila kwanza jiulize utafanyaje betri ikiwa imelala.

Yoyote utakayochagua, mpe wenzake. Ubao wa mti mgumu, upana wa kama sentimita 30 kila upande na unene wa 3 au 4, ili kitako kisizame. Kabari mbili zilizochongwa, ambazo seremala yeyote atakutengenezea kwa bei ya soda mbili, ili usimtume mtu aliye kwenye simu kutafuta jiwe. Spana ya gurudumu yenye mkono mrefu, na bomba la kuiongezea urefu. Pembetatu za kuakisi mwanga, glavu, na tochi.

Siku yenyewe ikifika, gari litolewe barabarani kabisa, hadi penye ardhi ngumu na tambarare, hata kama ni kwa kwenda polepole mita mia tatu na tairi likaharibika kabisa. Tairi hununuliwa. Pancha ikiwa upande wa kulia, ndiko kwenye magari yapitayo, jambo hili ni la lazima mara mbili. Abiria wote washuke, watoto wakiwa mbele, waende mbali na lami, wasikae ndani ya gari linaloinuliwa wala kusimama nyuma yake. Pembetatu iwekwe nyuma, hatua mia au zaidi penye mwendo wa kasi. Kwetu watu hutumia matawi ya miti, na si vibaya ukikosa kingine. Lakini wale wanaopanga mawe barabarani kisha kuondoka na kuyaacha, nashindwa kuwaelewa. Jiwe lako la mchana ni kaburi la mwendesha pikipiki wa usiku.

Breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, kabari ziwekwe mbele na nyuma ya gurudumu lililo pembe ya mkabala. Nati zilegezwe nusu mzunguko gari likiwa bado chini, kwa maana ukivutana nazo likiwa juu unaivuta na jeki. Ukiinua, tazama jeki inavyosimama: ikianza kuegama, shusha uanze upya, hata kama umebakiza kidogo. Kabla hujatoa gurudumu, lisukume spea chini ya gari, kando ya jeki. Ukilitoa bovu, yabadilishane nafasi. Hivyo gari likianguka litaangukia tairi, wala si mkono. Hatukufanya hivyo siku ile karibu na Kafu, na ni kazi ya nusu dakika. Na chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake asiingie mtu, wala kichwa, wala kwa kuokota nati iliyobingirika. Ivute kwa fimbo.

Tangu siku ile, nyumbani kwangu kila mwenye kuendesha gari hufanya zoezi la kubadilisha gurudumu mara mbili kwa mwaka. Mume wangu, aliye katika polisi, alicheka mwanzoni, akasema nimegeuza ua kuwa uwanja wa gwaride. Binti yetu sasa humaliza kwa dakika kumi na tano. Yule mzee, ambaye amestaafu kwa mara ya pili, alipita kwetu Krismasi iliyopita, akaomba kuiona jeki niliyonunua. Aliigeuza kwa mkono wake wa vidole vifupi, akapapasa kitako, akainusa.

"Hii sawa, Mwalimu," akasema. "Kabari ziko wapi?" Nikazileta. Akaitazama moja kwa muda, akaniambia ni fupi mno kwa gari letu, nichongeshe nyingine.

Nati zikisharudishwa, zikazwe kwa kurukaruka, kutoka moja hadi ile ya mkabala wake, kwanza kidogo gari likiwa juu, kisha kwa nguvu zote likiwa chini. Baada ya kilomita 50 hivi simama, uzikaze tena, maana hulegea kidogo gurudumu likishakaa. Pancha izibwe siku ileile kwa fundi, upepo wa spea upimwe hapohapo, na ubao urudishwe butini pamoja na kabari.